Jina Moja, Watu Wengi: Mwongozo Kamili wa Kutenganisha Watu wa Historia ya Uganda

Kazi hii inawashinda wengi, tena inawashinda mahali palepale. Mwanafunzi anaandika kwamba Mwanga alichomwa moto Namugongo, kumbe aliyechomwa ni Karoli Lwanga, na Mwanga ndiye kabaka (mfalme wa Buganda) aliyekuwa akitawala. Mtangazaji wa redio anasema Jenerali Tito Okello aliongoza mapinduzi ya Zanzibar. Kijitabu cha ukoo kinampa Muteesa I urais wa Uganda, ilhali alifariki mwaka 1884.

Waandishi hawa si wavivu. Wanakosea kwa sababu wanaanza na jina, halafu wanatafuta habari za kulijaza. Hapa tunageuza utaratibu: unaanza na habari (mahali, cheo, tarehe), na jina unaliweka mwishoni.

## Vitu vya kuandaa

- Karatasi kubwa 1 ya manila. Ikunje katikati mara 4, kisha ikate kwenye mikunjo. Utapata kadi 16, zinazotosha makala ya kurasa 3 au 4.
- Penseli na kifutio. Usitumie wino, kwa kuwa tarehe zitabadilika njiani.
- Daftari. Ukurasa wa kushoto andika maneno ya chanzo kama yalivyo, wa kulia andika maoni yako. Ukichanganya viwili hivi kwenye ukurasa mmoja, baada ya wiki hutajua kipi ulikisoma na kipi ulikikisia.
- Orodha ya watawala ya kila ufalme unaougusa, kila moja kwenye karatasi yake: Buganda, Bunyoro, Tooro, Nkore. Sababu utaiona katika hatua ya 3.
- Vyanzo visivyopungua 2 visivyonakiliana. Tovuti tano zenye sentensi ileile neno kwa neno ni chanzo kimoja.
- Mzungumzaji mmoja wa lugha ya eneo husika, hata kwa simu. Atakuambia kwa dakika mbili kama neno unalolitazama ni jina la mtu au ni cheo.

## Hatua ya 1: Nakili jina kama lilivyo, halafu andika sura zake zote

Usirekebishe tahajia wakati wa kunakili. Kitabu kikisema "Mtesa", andika Mtesa. Chini yake orodhesha sura nyingine unazozifahamu: Mutesa, Muteesa. Fanya hivyo kwa Kagwa na Kaggwa, Kabarega na Kabalega, Kamrasi na Kamurasi, Cwa na Chwa.

Wasafiri wa karne ya 19 waliandika walivyosikia. Tahajia ya Luganda nayo ilisanifishwa mwaka 1947, ndiyo maana vitabu vya zamani vina herufi moja pale ambapo vya sasa vina mbili. Ukitafuta "Muteesa" peke yake kwenye mtandao au kwenye faharasa ya kitabu cha zamani, utakosa nusu ya habari, kisha utadhani "Mtesa" ni mtu mwingine.

Majina ya ubatizo yana shida hiyohiyo: Charles, Karoli na Kalooli Lwanga ni mmoja. Andrea na Andereya Kaggwa ni mmoja.

Angalia: tofauti ya vokali ndefu au konsonanti mbili mara nyingi ni tahajia tu. Tofauti ya herufi ya kwanza au ya silabi nzima karibu daima ni mtu mwingine. Mwanga, Lwanga na Muwanga ni watatu: kabaka, shahidi wa dini (Mkristo aliyeuawa kwa imani yake), na Paulo Muwanga aliyeongoza Tume ya Kijeshi mwaka 1980. Zima kipengele cha simu kinachorekebisha maneno chenyewe kabla ya kuandika majina haya. Kimewaponza wengi kuliko uvivu wa kusoma.

Wageni nao usiwasahau. John Hanning Speke alifika kwa Muteesa mwaka 1862. James Hannington ni askofu aliyeuawa Busoga tarehe 29 Oktoba 1885. Na ukikuta "Daktari Cook wa Mengo", uliza yupi, kwa kuwa Albert Cook alianzisha hospitali hapo Mengo, makao ya Kabaka, mwaka 1897 na ndugu yake Jack akaja kufanya kazi naye.

Utajua umefaulu ukiwa na orodha ya sura za jina kwa kila mtu, kila moja ikiwa na chanzo ilikotoka.

## Hatua ya 2: Tenganisha jina na cheo

Sehemu kubwa ya "watu" wa Buganda katika maandishi ya miaka ya 1880 na 1890 ni vyeo. Mukwenda ni mkuu wa jimbo la Ssingo. Ssekiboobo ni wa Kyaggwe. Kaggo ni wa Kyaddondo (tena mkono ukiteleza anageuka Kaggwa). Pokino ni wa Buddu, Kangaawo wa Bulemeezi. Mtu akipandishwa au kuondolewa, cheo kinabaki na mwenye jina anabadilika. Semei Kakungulu, kwa mfano, kuna wakati anatajwa kwa cheo cha Kimbugwe tu. Asiyejua atawahesabu wawili.

Wakuu wa koo ni mtego mkubwa zaidi, kwa sababu cheo chao kina sura kamili ya jina la mtu. Gabunga ni mkuu wa ukoo wa Mmamba, Walusimbi wa Ffumbe, Mugema wa Nkima. Gabunga wa mwaka 1890 na Gabunga wa miaka mia baadaye hawawezi kuwa mtu mmoja, lakini kijitabu kisicho makini kitawaunganisha na kumpa mzee mmoja maisha ya miaka 140.

Fanya hivi: piga mstari mmoja chini ya cheo, mistari miwili chini ya jina. Ukibaki na cheo bila jina, andika kwenye kadi "Mukwenda wa mwaka fulani" na uache nafasi wazi. Nafasi hiyo usiijaze kwa kukisia.

Utajua umefaulu ukiweza kusema kwa kila neno kama mtu alizaliwa nalo, alibatizwa nalo, au alipewa pamoja na kiti.

## Hatua ya 3: Mahali kwanza, namba baadaye

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo inayoangusha zaidi. Watu wanaamini namba ya Kirumi imeshamaliza kazi. Haijamaliza. Kila ufalme unahesabu watawala wake wenyewe.

Chukua Chwa II. Bunyoro inaye: Kabalega, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1899. Buganda inaye pia: Daudi Chwa, aliyezaliwa 1896 na kutawala kuanzia 1897 hadi 1939. Wote wawili walikuwa wafalme mwaka 1898, mmoja akipigana na Waingereza akiwa mtu mzima, mwingine mtoto mchanga anayeshikiwa kiti na wakuu waliotawala kwa niaba yake. Kinachozidisha tatizo ni kwamba Kabalega alikamatwa Lango tarehe 9 Aprili 1899 pamoja na Mwanga II, yaani pamoja na baba yake Chwa II yule mwingine, na wote wawili wakapelekwa uhamishoni Shelisheli. Sentensi "Chwa II na Mwanga" inaweza kuwa mfungwa na mfungwa mwenzake, au mtoto na baba yake.

Ntare V ni hatari zaidi kwa sababu hata nchi ya Uganda inatajwa kwa wote wawili. Ntare V wa Nkore alifariki mwaka 1895. Ntare V wa Burundi ni Charles Ndizeye, aliyemwondoa baba yake Mwambutsa IV mwezi Julai 1966 na kuondolewa na waziri mkuu wake, Micombero, Novemba ya mwaka huohuo. Huyu wa pili ana ukurasa wake katika historia ya Uganda pia: Machi 1972, wakati wa Idi Amin, alipelekwa Burundi akitokea Uganda, na mwezi uliofuata akauawa. Kwa hiyo ukikuta "Ntare V" na "Uganda" katika aya moja, bado hujapata jibu. Tafuta mwaka.

Tooro nayo ilijitenga na Bunyoro katika karne ya 19 chini ya Kaboyo, ikayachukua majina ya kifalme ya Bunyoro. Ndiyo sababu Kyebambe, Olimi na Rukidi wako pande zote mbili. Kamurasi wa Bunyoro ni Kyebambe, na Kasagama wa Tooro ni Kyebambe vilevile.

Utaratibu ni huu:

1. Andika ufalme au wilaya.
2. Andika cheo cha mahali hapo: Kabaka ni Buganda, Omukama ni Bunyoro na Tooro, Omugabe ni Nkore.
3. Ndipo uandike namba, ukiwa na orodha ya ufalme huohuo mkononi.

Onyo la kwanza: usitafute namba katika hati za wakati ule. Barua za 1886 zinasema Mwanga, basi. Mwanga I aliishi karne ya 18, na namba huwekwa na waandishi wanaopanga orodha. Hati isiyo na namba si ushahidi kwamba ni mtu wa kwanza.

Onyo la pili: namba nyingine hazihesabu watu kabisa. "Obote I" na "Obote II" ni serikali mbili za mtu mmoja, Milton Obote: ya kwanza iliishia Januari 1971, ya pili ilikuwa kati ya Desemba 1980 na Julai 1985. Mwanga II naye alikaa kwenye kiti mara mbili, 1884 hadi 1888, kisha 1889 hadi 1897. Pengo hilo la 1888 limewafanya baadhi ya wanafunzi wamgawe awe wawili.

## Hatua ya 4: Tafuta tarehe mbili, na moja iwe ya kifo

Tarehe ya kuzaliwa kwa watu wa kabla ya 1900 mara nyingi ni makadirio. Usiitegemee. Kifo kina mashahidi, kaburi, barua, gazeti. Kisha tafuta tukio moja zaidi lenye mwaka: kutawazwa, kubatizwa, kusaini mkataba, kufungwa.

Mfano rahisi ni Kaggwa. Andrea Kaggwa aliuawa Munyonyo tarehe 26 Mei 1886. Apolo Kaggwa, aliyekuwa kijana wa ikulu wakati huohuo, akawa Katikkiro (waziri mkuu wa Buganda) kuanzia 1889 hadi 1926 na kufariki Februari 1927. Habari yoyote ya Kaggwa baada ya Mei 1886 haiwezi kuwa ya Andrea. Habari ya kabla ya hapo inaweza kuwa ya yeyote, kwa hiyo hapo ndipo penye kazi.

Kwa Muteesa, pengo ni kubwa hivi kwamba mwaka peke yake unatosha: wa kwanza 1856 hadi 1884, wa pili alizaliwa 1924, akawa Kabaka 1939, Rais 1963 hadi 1966, na kufariki London Novemba 1969.

Utajua umefaulu ukiweza kuchora mstari wa miaka wa kila mtu kwenye karatasi moja, na kuona wapi mistari inaingiliana. Mistari isipoingiliana, umemaliza. Ikiingiliana, nenda hatua ya 5.

## Hatua ya 5: Jaza kadi, kisha zigonganishe

Kadi moja kwa kila mtu unayemdhania, mistari sita tu:

1. Jina kama lilivyo kwenye chanzo
2. Cheo au kazi
3. Mahali
4. Tarehe mbili
5. Ukoo, dini, ndugu
6. Chanzo na ukurasa

Sasa tuijaribu kwa sentensi ngumu kweli: "Mwaka 1885 Mukasa alimlaumu Mwanga kwa kumuua askofu."

Zunguka ikulu ya mwaka huo uhesabu. Yupo Yosefu Mukasa Balikuddembe, msimamizi wa vijana wa ikulu, Mkatoliki. Yupo Katikkiro aitwaye Mukasa, mkubwa wa serikali, asiyewapenda Wakristo. Yupo Ham Mukasa, kijana wa Kianglikana aliyekuja kuwa chifu na mwandishi, aliyeandamana na Apolo Kaggwa kwenda Uingereza mwaka 1902. Wapo Adolfu Mukasa Ludigo na Mukasa Kiriwawanvu, wote wawili waliouawa Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Na Mwanga mwenyewe, ukiyaandika majina yake yote, yanaishia na Mukasa.

Panga kadi kwenye meza na uulize mstari kwa mstari. Askofu ni Hannington, kwa hiyo lawama ni baada ya 29 Oktoba 1885. Aliyelaumu lazima awe na cheo cha kumkaribia Kabaka na sababu ya kumtetea askofu. Katikkiro ana cheo lakini hana sababu. Ham, Ludigo na Kiriwawanvu walikuwa vijana wa ikulu wa cheo cha chini, hawakuwa na nafasi ya kumkabili Kabaka. Anabaki Balikuddembe, na tarehe inafunga hesabu: aliuawa 15 Novemba 1885, wiki mbili na siku kadhaa baada ya askofu.

Ona kwamba jina halikusaidia hata kidogo. Kazi yote imefanywa na mistari ya 2, 4 na 5.

Angalia dini na kabila: vinasaidia kutenga, lakini havitoshi kuunganisha. Mwaka 1961 magazeti ya Kampala yalikuwa na Kiwanuka wawili mashuhuri, wote Waganda, wote Wakatoliki: Askofu Mkuu Joseph Kiwanuka, na Benedicto Kiwanuka wa chama cha siasa cha Democratic Party (DP), aliyekuja kuuawa mwaka 1972 akiwa Jaji Mkuu. Hapo kazi pekee ndiyo inayowatenga.

Angalia majina ya mapacha na ya wanaozaliwa baada yao: Wasswa na Kato kwa Waganda, Okello kwa Waacholi na Walango kwa anayezaliwa baada ya mapacha. Majina haya yanatokana na mpangilio wa kuzaliwa, kwa hiyo kuyashiriki si dalili ya undugu. Okello wanaochanganywa ni wanne:

- Daudi Okelo, katekista aliyeuawa Paimol mwaka 1918, akatangazwa mwenyeheri 2002.
- John Okello, mzaliwa wa Lango, wa mapinduzi ya Zanzibar ya 12 Januari 1964.
- Bazilio Olara-Okello, aliyeongoza mapinduzi ya 27 Julai 1985 na kushika nchi kwa siku chache.
- Tito Okello, aliyepokea uongozi 29 Julai 1985 hadi Januari 1986.

Wawili wa mwisho ndio wanaoleta kichefuchefu: wote wanajeshi, wote Waacholi, mapinduzi yaleyale, wiki ileile. Watenganishe kwa siku, si kwa mwaka.

## Hatua ya 6: Amua kwa kanuni mbili

Kuwatenganisha, mgongano mmoja thabiti unatosha: mtu hawezi kuwa Shelisheli na Mengo siku moja, wala kufanya kazi baada ya kufa.

Kuwaunganisha, unahitaji mambo mawili yanayolingana mbali na jina, kutoka vyanzo tofauti. Kazi na mwaka, kwa mfano, au ukoo na mahali. Kanuni hizi hazilingani uzito kwa makusudi. Ukiwaunganisha watu wawili kimakosa, kila anayekunakili atarithi kosa na ni vigumu kuwatenganisha tena. Ukimwacha mmoja katika kadi mbili, atakayekuja baada yako ataziunganisha kwa dakika moja.

## Hatua ya 7: Chagua utambulisho mmoja na usiubadilishe

Mara ya kwanza andika kamili: "Omukama Kabalega (Chwa II wa Bunyoro)". Baadaye tumia sehemu ambayo mwenzake hana: Kabalega. Kwa akina Mukasa tumia jina la mwisho: Balikuddembe, Ludigo, Kiriwawanvu. Kwa Apolo tumia la pili, maana Apolo Kaggwa, Apolo Kivebulaya na Apollo Milton Obote wote wana haki na la kwanza.

Usitumie "Mutesa" katika aya moja na "Muteesa" katika nyingine ukidhani unapendezesha lugha. Msomaji atahesabu wawili.

Kwa utafutaji wa mtandaoni, weka jina kamili ndani ya alama za kunukuu, kisha ongeza alama ya kutoa mbele ya neno la yule usiyemtaka: "John Okello" -Tito.

## Hatua ya 8: Picha, makaburi na orodha

Picha chunguza kwa mavazi na umri kabla ya kusoma maelezo yake. Kabaka aliyevaa sare ya kisasa ya jeshi la Uingereza hawezi kuwa Muteesa I.

Kaburi usilitegemee kwa Makabaka hawa. Muteesa I, Mwanga II, Daudi Chwa II na Muteesa II wote wamezikwa Kasubi, kwa hiyo "aliyezikwa Kasubi" haimtengi yeyote kati yao. Kwa Kabalega linasaidia: amezikwa Mparo, Hoima.

Kwa mashahidi wa dini, taja umetumia orodha ipi. Wakatoliki ni 22, waliotangazwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Waanglikana ni 23. Kulikosa jina katika orodha moja si ushahidi kwamba mtu hakuuawa.

## Hatua ya 9: Jaribio la mwisho

Mpe mtu asiyejua mada asome makala yako kwa sauti. Kila anapofika kwenye jina, mwulize: "Huyu nani?" Akijibu kwa kazi na mahali, sentensi iko sawa. Akijibu kwa kurudia jina, iandike upya sentensi hiyo.

Kama baada ya yote kadi moja imebaki bila mwenyewe, iache hivyo. Andika "Mukasa mmoja wa ikulu, 1885", toa chanzo na ukurasa, na usimpe jina la pili. Funga kadi zote kwa mpira na uziweke pamoja na daftari, kwa sababu swali la kwanza la mhariri litakuwa ulijuaje.